Lenzi Hii Imezaliwa Wapi?

Ndugu zangu wapiga picha. Wazee wetu mlioanza kazi hii enzi za filamu na chumba cha giza. Nanyi vijana ambao hata sasa kamera ziko shingoni: asanteni kwa kunipa nafasi ya kuzungumza.

Mimi ni fundi wa lenzi. Kazi yangu ni kufungua, kusafisha ukungu, kutoa grisi iliyokauka, kurudisha kila kipande mahali pake na kufunga. Kila siku naipita ile pete ya mbele yenye jina, halafu naingia ndani ambako jina halipo. Ndani kuna kioo, shaba, aluminiamu, rangi nyeusi iliyopakwa kwenye kingo za vioo, na kazi ya mikono ya watu nisiowajua. Leo nimekuja kuwazungumzia watu hao.

Siku moja alinijia mzee mmoja aliyepiga picha za harusi karibu maisha yake yote. Akatoa mkobani lenzi iliyofungwa kwa kitambaa safi: Carl Zeiss Planar ya milimita 50, ile ya kamera za Contax. Haikuwa mbovu. Alisema mjukuu wake ameisoma kwa kioo cha kukuzia akamwonyesha maandishi madogo pembeni, kwamba lenzi imetengenezwa Japani. Mzee alikuwa ameibeba miaka ishirini akijua ni ya Ujerumani. Akaiweka mezani, akaniambia, "Fundi, niambie ukweli. Nilidanganywa?"

Nikamwambia, "Mzee wangu, keti. Jibu lake ni refu."

Hili ninalowaeleza leo ndilo jibu hilo, nami nimeliongeza tangu siku ile.

Tuanze na Zeiss wenyewe, kwa sababu habari yao peke yake yatosha kutufundisha kuwa swali la "imetoka wapi" si jepesi. Carl Zeiss alifungua karakana yake katika mji wa Jena, Ujerumani, mwaka 1846, akitengeneza hadubini. Baadaye alimpata mwanafizikia Ernst Abbe, aliyeondoa kubahatisha akaweka hesabu, kisha Otto Schott, mtaalamu wa kuyeyusha kioo. Watu watatu, mji mmoja. Mwaka 1889 Abbe akaanzisha Wakfu wa Carl Zeiss, ili kampuni isibaki mali ya mtu wala ya ukoo. Planar ya kwanza ikabuniwa hapo na Paul Rudolph mwaka 1896, na lenzi nyingine, Tessar, ikafuata mwaka 1902. Mpaka hapo hakuna utata: ukisema Zeiss umesema Jena.

Ikaja vita. Majira ya kuchipua ya mwaka 1945 jeshi la Marekani liliingia Jena. Lakini ilikuwa imekubaliwa kwamba eneo lile litakabidhiwa kwa Wasovieti, kwa hiyo kabla ya kuondoka Wamarekani wakawachukua makumi ya wataalamu wa Zeiss na Schott, pamoja na familia zao, wakawapeleka upande wa magharibi. Kutokana na hao ikazaliwa Zeiss ya Oberkochen, na kiwanda cha Schott kikaja kujengwa Mainz. Wasovieti nao walipofika walifungua mashine za Jena skrubu kwa skrubu, wakazipakia kwenye treni. Vifaa vya kutengenezea Contax, kamera ya Zeiss, vilifika kiwanda cha Arsenal mjini Kyiv, na kamera iliyotoka huko ikaitwa Kiev. Hesabu za Sonnar, lenzi nyingine ya Zeiss, zikaenda Krasnogorsk, karibu na Moscow, zikazaa lenzi zinazoitwa Jupiter.

Sasa nawauliza: mwaka 1950, Zeiss ya kweli ilikuwa ipi? Oberkochen walikuwa na vichwa. Jena walikuwa na ardhi ileile, majengo yaleyale, na mafundi waliobaki wakaanza upya kwa mashine chache walizoachiwa. Kyiv na Krasnogorsk walikuwa na mashine. Kila upande ulikuwa na kipande cha kweli.

Wajerumani wa pande mbili walishtakiana kwa miaka mingi juu ya jina hilo. Kabla ya mapatano ya London ya mwaka 1971 kuhusu jina hilo, na hata baada yake, lenzi za Jena zilizouzwa nchi za Magharibi zilifichwa majina. Ndiyo maana mkikuta lenzi ya zamani imeandikwa "aus Jena" tu, na herufi T peke yake, msidhani ni ya kuigiza. T hiyo ni Tessar iliyokatazwa kujitaja. Mimi kila niishikapo lenzi ya namna hiyo husikitika kidogo, maana mji uliomzaa Tessar ndio ulionyimwa ruhusa ya kumwita kwa jina lake.

Tukirudi kwa Planar ya mzee wangu, katikati ya miaka ya 1970 Zeiss ya Oberkochen iliingia mkataba na Yashica ya Japani kutengeneza kamera za Contax upya. Yashica tayari ilikuwa inamiliki kiwanda cha lenzi cha Tomioka. Michoro ilitoka Ujerumani, lenzi chache zikaendelea kutengenezwa Ujerumani, na nyingine nyingi zikatengenezwa Japani chini ya usimamizi wa Zeiss. Kyocera ilipoichukua Yashica mwaka 1983 kazi ikaendelea, hadi mwaka 2005 walipotangaza kuachana na Contax. Na jambo ninalotaka mlikumbuke ni kwamba walichonga. "Lens Made in Japan" ipo pale pale kwenye lenzi. Aliyemuuzia mzee hakusema, mnunuzi hakusoma, lakini kiwanda hakikuficha.

Baada ya Contax, Zeiss ilihamia kwa mshirika mwingine, nako ndiko kwenye sehemu ninayoipenda kuliko zote katika simulizi hii. Katika mji wa Nakano, mkoa wa Nagano nchini Japani, kuna kampuni iitwayo Cosina, iliyoanzishwa mwaka 1959. Kwa muda mrefu wapiga picha wengi waliitumia kazi yake bila kuijua. Nikon FM10 ilitengenezwa na Cosina. Canon T60, Cosina. Olympus OM-2000, Cosina pia. Majina matatu makubwa yanayoshindana sokoni, na nyuma ya kamera hizo tatu kuna jiko moja. Mwaka 2004 ikatangazwa kamera mpya ya Zeiss Ikon, nayo Cosina ikaitengeneza pamoja na lenzi zake nyingi. Katika familia hiyohiyo ya lenzi, mbili, ya milimita 15 na ile ya milimita 85 yenye tundu la f/2, zilitengenezwa Ujerumani, na nyinginezo zikatoka Japani. Zote zina jina lilelile la Zeiss. Nimezishika, nimezipima. Anayeniambia ataitambua ya Ujerumani akiwa amefumba macho, namwomba aje afumbe.

Cosina hiyohiyo ndiyo yenye jina la Voigtländer mikononi. Hili ni jina kongwe kuliko upigaji picha wenyewe. Johann Christoph Voigtländer alifungua karakana yake Vienna mwaka 1756, wakati ambapo hakuna aliyekuwa amewahi kuona picha ya kamera. Mwaka 1840 kizazi cha wajukuu wake kikatengeneza lenzi iliyobuniwa na profesa wa hesabu Joseph Petzval. Hiyo ndiyo iliyofanya picha ya uso wa mtu iwezekane, kwa kuwa ilipitisha mwanga mwingi kiasi kwamba muda wa kutulia mbele ya kamera ulishuka kutoka dakika kadhaa hadi chini ya dakika moja. Petzval na Voigtländer waligombana baadaye. Hataza ilikuwa ya Austria tu, kwa hiyo nje ya Austria kila fundi hodari aliiga. Na Voigtländer mwenyewe akafungua kiwanda Braunschweig mwaka 1849. Mnaona? Lenzi mashuhuri ya kwanza ya picha za watu, miaka michache tu baada ya kuzaliwa, tayari ilikuwa haina kwao.

Jina la Voigtländer liliendelea kuhama. Katika miaka ya 1920 likanunuliwa na kampuni ya kemikali ya Schering, mwaka 1956 likaenda kwa Zeiss, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 kiwanda cha Braunschweig kikafungwa. Rollei, kampuni ya kamera ya Ujerumani, wakalichukua jina, nao wakafilisika mwaka 1981. Likabaki jina la biashara tu, likibandikwa huku na kule, mpaka mwaka 1999 Cosina walipoanza kulitumia kwa leseni. Wangeweza kubandika jina hilo kwenye vitu hafifu wakavuna pesa ya haraka, kama wengi walivyofanya kwa majina mengine. Hawakufanya hivyo. Walikaa wakatengeneza lenzi ndogo za chuma, zenye pete laini, kwa ajili ya kamera ambazo dunia nzima ilikuwa imeshazisahau. Mtu akiniuliza leo Voigtländer ya kweli iko wapi, namjibu bila kusita: iko Nakano. Jina lilikuwa yatima, likalelewa vizuri na mzazi wa pili.

Na kwa kuwa nimewataja Rollei, niwaeleze habari ya Singapore. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mishahara ya Ujerumani ilikuwa imepanda na Wajapani walikuwa wakiuza kamera nzuri kwa bei ya chini. Rollei wakajenga viwanda vikubwa Singapore, wakawafundisha vijana wa huko kusaga na kung'arisha vioo. Lenzi zilizobuniwa na Zeiss zikatengenezwa huko na kuchongwa hivyo. Wapenzi wengi wa lenzi za zamani hulipa zaidi wakiona "Germany" na hupunguza bei wakiona "Singapore". Nimefungua za pande zote mbili. Nilichokuta kinachozitofautisha ni jinsi zilivyotunzwa, na jua au unyevu uliozipata baada ya kutoka kiwandani. Vijana wale wa Singapore walifanya kazi yao sawasawa, na miaka hamsini baadaye kazi yao bado inapunguziwa bei.

Leica nitawapitia haraka, si kwa kuwapuuza, bali kwa sababu kila mtu humu anajua Wetzlar, mji wao wa Ujerumani. Pengine wasilojua wengi ni Midland, Ontario. Leitz, kampuni iliyokuwa ikitengeneza Leica, walifungua kiwanda huko Kanada mwaka 1952, na mbunifu Walter Mandler akiwa huko ndiye aliyebuni baadhi ya lenzi zinazotukuzwa kuliko zote za Leica, ikiwemo Noctilux ya f/1 ya miaka ya 1970. Mtu anayekataa Leica ya Kanada kwa kuwa si ya Ujerumani anaikataa nyumba aliyofanyia kazi mbunifu anayemsifu. Tangu mwaka 1973 wana kiwanda Vila Nova de Famalicão, nchini Ureno, ambako sehemu kubwa ya kazi ya mikono hufanyika kabla ya kumaliziwa Ujerumani. Mwaka huohuo kamera ndogo ya Leica CL ilitengenezwa na Minolta huko Japani. Na tangu mwaka 2001 jina la Leica limekuwa kwenye lenzi za Panasonic, zinazotengenezwa na Panasonic kwa viwango walivyokubaliana.

Hapa mtu ataniuliza: basi neno "imetengenezwa" lina maana gani? Swali zuri. Tulitazame kwa macho ya fundi.

Kioo cha lenzi si kioo cha dirisha. Huyeyushwa kwa vipimo vikali vya madini, kisha hupoozwa polepole mno, maana kikipoa kwa haraka hubaki na mkazo ndani yake unaopotosha mwanga. Kioo hicho huenda kimetoka kwa Schott wa Mainz, au kwa Ohara au Hoya wa Japani, au Chengdu nchini China. Kisha hukatwa, husagwa, na kung'arishwa kwa maji na poda ya seriamu mpaka uso wake uwe sahihi kwa kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona. Zamani, na sehemu nyingine mpaka leo, fundi huweka juu yake kioo cha kupimia, halafu hutazama rangi zinazotokea katikati ya vioo viwili, miduara kama ile ya mafuta juu ya maji. Miduara ikinyooka sawasawa, uso ni mzuri. Ikipinda, kazi inarudi kwenye mashine. Kisha kipande huwekwa sawa kwenye mhimili wake na kuingizwa kwenye chombo kilichoondolewa hewa, ambamo hupakwa utando mwembamba wa kupunguza mwanga unaorudi nyuma, ufundi ambao Alexander Smakula wa Zeiss aliuvumbua mwaka 1935. Halafu kuna kuunganisha vipande kwa gundi, kupaka kingo rangi nyeusi kwa brashi, kufunga, kupima, kufungua, kurekebisha na kupima tena.

Kila hatua kati ya hizo inaweza kuwa na nchi yake. Sheria za forodha za nchi nyingi hazina nafasi ya kueleza safari yote hiyo. Zinataka nchi moja, nayo kwa kawaida ni ile iliyofanya kazi kubwa ya mwisho iliyokifanya kitu kuwa kitu. Kwa hiyo maandishi mnayoyasoma ni ya kweli, ila ni sentensi moja iliyong'olewa kwenye kisa kirefu.

Hata maneno yenyewe yana historia ya kushangaza. Mwaka 1887 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya alama za bidhaa, na moja ya shabaha zake ilikuwa kuwatahadharisha wanunuzi kuhusu bidhaa za Ujerumani zilizosemwa kuwa hafifu na za kuigiza. Maandishi "Made in Germany" yalianza kama onyo. Ndani ya kizazi kimoja mafundi wa Jena na wenzao waliyageuza kuwa sifa. Wajapani walipita njia hiyohiyo baada ya vita. Wachina wanaipita sasa, na yeyote aliyefungua lenzi za karibuni za viwanda vya Hefei au Shenyang anajua kwamba safari yao imefika mbali.

Marekani nayo ina kisa chake kizuri. Vivitar lilikuwa jina la Marekani, la kampuni iliyoanza mwaka 1938 kama Ponder & Best. Hawakuwa na kiwanda cha lenzi. Walibuni au walisimamia ubunifu, kisha wakawapa kazi Wajapani. Wapenzi wa lenzi waligundua kwamba tarakimu za mwanzo za namba iliyochongwa huonyesha kiwanda: 22 ni Kino, 28 ni Komine, 37 ni Tokina. Ile zumu yao mashuhuri ya Series 1, milimita 70 hadi 210, ilipita mikono yote mitatu: ya kwanza Kino, ya pili Tokina, ya tatu Komine. Jina moja, vipimo vilevile vya fokasi, lakini ukizifungua ni lenzi tatu mbalimbali, na watu hadi leo hubishana ipi bora. Kwangu mimi hapo ndipo jina lilipokosa kutosha. Mnunuzi alistahili kuambiwa. Badala yake alipewa fumbo la tarakimu mbili, likafumbuliwa na wapenzi wenyewe kwa kulinganisha namba moja moja.

Nisemalo leo ni hili basi. Sina ugomvi na lenzi iliyotengenezwa mbali na jina lake. Ugomvi wangu ni na ukimya. Anayeficha kiwanda anawadhulumu wawili: mnunuzi, ambaye ananyimwa habari aliyoilipia, na fundi aliyesaga kioo, ambaye ananyimwa sifa ya kazi yake. Tumezoea kumhurumia wa kwanza. Wa pili hatumkumbuki.

Tena kuna pale ambapo ukimya hugeuka kuwa hasara ya pesa. Meyer-Optik, ya mji wa Görlitz, Ujerumani, ilikuwa chapa ya lenzi ya heshima tangu mwaka 1896, ikamezwa na kampuni ya kamera ya Pentacon wakati wa Ujerumani Mashariki. Mwaka 2014 jina likafufuliwa na kampuni nyingine, watu wengi wakachanga pesa mapema kupitia mtandao ili lenzi za kale kama Trioplan zirudi. Mwaka 2018 kampuni hiyo ilifilisika. Wengi waliochanga hawakupata lenzi wala pesa. Chapa ikanunuliwa na kampuni ya vioo ya Bad Kreuznach, upande wa pili kabisa wa nchi kutoka Görlitz, ambayo haikubeba madeni ya zamani. Waliochanga walikuwa wameliamini jina, na jina lilikuwa halina tena kiwanda, wala mafundi, wala mtu wa kujibu. Niliwasikitikia sana watu hao, maana walichopenda kilikuwa kizuri.

Linganisheni na kampuni ya Lomography ya Vienna, walipotaka kuirudisha lenzi ya Petzval mwaka 2013. Nao walichangisha kwa umma. Lakini tangu mwanzo walisema waziwazi: tunaitengeneza na Zenit, Krasnogorsk, Urusi. Lenzi iliyozaliwa Vienna ikazaliwa tena katika kiwanda kilichojifunza Sonnar kutokana na hesabu za Jena. Mimi kwa kweli niliposikia nilifurahi kama mtu aliyeona ndugu waliopotezana wamekutana.

Hasselblad pia hawakuficha kwamba kamera yao ya XPan ya mwaka 1998, na lenzi za mfumo wa H ulioanza mwaka 2002, zilikuwa kazi yao na Fuji wa Japani. Jina ni la Uswidi, kioo ni cha Japani, na picha zake zimejaa kwenye majarida bila mtu kulalamika.

Mara nyingine ukweli wa kiwanda hujitokeza kwa msiba. Oktoba 2011 mafuriko makubwa yalifunika maeneo ya viwanda huko Ayutthaya, Thailand. Kiwanda cha Nikon kilizama, na cha Sony pia. Kamera na lenzi zikaadimika dunia nzima kwa miezi, na hapo ndipo wapiga picha wengi walipojua kwa mara ya kwanza kwamba Nikon yao haikutoka Tokyo. Nakumbuka jinsi mazungumzo yalivyokuwa: lini kamera zitarudi madukani? Ni wachache waliouliza habari za wafanyakazi ambao maji yaliingia kwenye nyumba zao na kwenye kazi yao kwa wakati mmoja. Ndiyo maana nasema ukimya unadhulumu. Huwezi kumjali mtu ambaye hujaambiwa kuwa yupo.

Wapo waliobaki kwao, nao tuwape haki yao. Lenzi za Cooke, zilizotokana na lenzi ya vioo vitatu ya Dennis Taylor ya mwaka 1893, bado zinatengenezwa Leicester. Za Angénieux zinatoka Saint-Héand, Ufaransa, kama zilivyotoka zamani. Sigma wanatengeneza lenzi zao Aizu, katika mkoa wa Fukushima, na hata tetemeko la mwaka 2011 halikuwahamisha. Mcheza kwao hutunzwa. Ila msidhani kubaki nyumbani peke yake ndiko kunakofanya lenzi iwe nzuri. Hao ni wazuri kwa sababu mafundi wao wamekaa pamoja muda mrefu na wanarithishana kazi. Nakano wanayo hiyo. Famalicão wanayo hiyo.

Kuhusu simu zenye majina ya Zeiss na Leica mgongoni, nitasema kidogo tu. Ni ushirikiano wa ubunifu, wa vipimo na wa rangi. Jina hapo linamaanisha "tulishauri na tukakubali", halimaanishi "tulisaga kioo hiki". Mkilielewa hivyo hamtakuwa mmedanganywa.

Nanyi mnaotaka kununua lenzi kongwe, zungusheni pete yote, msisome mbele tu. Maandishi ya nchi mara nyingi yako upande wa nyuma, karibu na pale lenzi inapojifunga kwenye kamera, au chini kabisa kwa herufi ndogo. Ulizeni ni nani aliyetengeneza, halafu ulizeni swali ambalo kwangu mimi ni kubwa zaidi: nani ataitengeneza ikiharibika? Chapa yenye kiwanda hai ina vipuri, ina michoro, ina mtu. Jina lililokodishwa bila kiwanda halina kitu cha kukupa siku pete itakapokwama.

Mzee wangu alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniomba niifungue Planar yake aione ndani. Nikaifungua mbele yake. Vioo vilikuwa safi, hakuna ukungu, rangi nyeusi ya kingo haijapukutika hata kidogo, na skrubu zilikuwa zimekaa vilevile kama zilivyofungwa kiwandani. Akainama akatazama kwa muda mrefu. Akaniuliza kama inawezekana kumjua aliyeifunga. Nikamwambia kiwandani hapakuwa na desturi ya kuandika majina yao. Akasema, "Basi fundi, ifunge vizuri kama alivyoifunga yeye."

Lenzi nilizokuja nazo ziko kwenye meza ile ya nyuma, kumi na moja, na sijaziwekea majina. Pale kushoto mtaikuta moja ya Jena yenye herufi T, na kando yake ya Singapore, na mbili za Nakano. Zishikeni kwa pete, msiguse kioo kwa vidole. Kioo cha kukuzia kipo. Karibuni mzisome.